Siku Ine Bila Moto mu Jikoni ya Walimu

Ile juma yenye nilikatala kuwasha mbabula, jiko yangu ya makala, nilikuwa tayari na miaka yenye mutu anapashwa kukaa ku mulango, akichambua maharagi na kuangalia wapita njia. Lakini miye, ee banaye, nilikuwa ninapanda na kushuka mu kiwanja cha masomo kama binti! Hata sasa nikiandika, ninacheka peke yangu. Ni furaha.

Miye ni mupishi wa walimu, ku masomo moja ya primeri huku Kadutu, pale njia inapanda mpaka pumzi inakwisha. Kisha klasi za asubuhi, walimu wanakula pamoja mbele ya kuachia wenzao wenye kufundisha nyuma ya saa sita nafasi. Unga na makala vinatoka kwa komite ya wazazi. Ninapika bugali, sombe ya majani ya muhogo ao maharagi, na siku ya bahati sambaza, samaki ndogo za ziwa. Ninapakua mu sahani mbili kubwa sana za aliminiamu. Watu wananawa, wanazunguka, kila mutu anakata bugali na mukono yake. Hakuna sahani ya direktere, mukubwa wa masomo, hakuna sahani ya mwalimu mupya. Wakigombana asubuhi juu ya chaki, saa sita mikono yao inakutana mu sombe, na mambo inaisha.

Kitu ingine ya kujua juu yangu: miye sisahau jina. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, kisha baba akasema inatosha, lakini jina ya mutu ikiingia mu kichwa yangu haitoke. Watoto wote wenye walipita mu ile masomo tangu nilikuwa ninafagia kiwanja, mbele sijapewa jikoni, ninajua majina yao, ya baba zao, na ya shangazi mwenye alikuwa anakuja kuwachukua siku ya mvua. Hapa sitaandika hata moja. Wengi wao wangali wanapita mbele ya nyumba yangu, na ninataka waendelee kunisalimia.

Mwanzo wa mwaka wa masomo walituletea mwalimu mupya wa mwaka wa kwanza. Mwanamuke kijana, mufupi, sauti ya chini, mwandiko ya kupendeza kabisa ku ubao. Alitoka upande wa Kalehe, pembeni ya pori yenye wazazi wake walifukuzwamo mbele yeye hajazaliwa. Alikuwa Mutwa. Huku kwetu watu wengi wanasema "Mumbuti", na wanaisema na pua juu, kama mutu mwenye amekanyaga kitu. Alikuwa na diplome yake kama wengine wote. Direktere alimupa mezi tatu za kumujaribu.

Sasa nitasema vile miye nilifanya, kwani nikificha, ile ingine yote haitakuwa na maana.

Siku yake ya kwanza, nilipakua sahani mbili kubwa. Kisha, bila mutu kunituma, nilichukua kasahani kadogo kenye kamebambuka rangi, nikatia bugali kidogo na maharagi, nikakaweka ku dirisha. Nikamwambia: "Yako iko pale, mwana."

Hakuna mutu aliniambia nifanye vile! Mama yangu, kule Kabare, njo vile alikuwa anafanya wakati Watwa walikuja kuuzisha vyungu. Anawapa maji mu kibuyu chao peke, wakienda anakiweka inje. Nilikomaa nikiona, na mukono yangu ilijifunza bila kuuliza kichwa. Ule mwalimu aliangalia dirisha, akaangalia miye. "Aksanti, koko," akasema, vile huku wanaita mwanamuke muzee. Akakula akisimama, uso inje. Na ikawa vile kila siku, mezi mbili nzima.

Wenzake hawakumuomba aje karibu. Kwao ilikuwa mchezo. Mwalimu wa mwaka wa tano, mwanaume munene mwenye kucheka na tumbo yote, njo alikuwa anaanzisha.

"Mumbuti, mishale umeacha wapi leo?"

"Mumuwekee kiti juu ya kiti, afike ku ubao!"

Wote wanacheka. Direktere naye anacheka na pua, anajifanya anasoma karatasi. Mwalimu akinyamaza, wanasema anajivuna. Akijibu, wanasema: "Ah, Madamu, haujue kuchezewa? Huku tunachezeana siye wote!" Lakini sikuona mutu mwenye alikuwa anamuchezea mwalimu wa mwaka wa tano juu ya tumbo yake.

Na watoto wanasikia. Watoto wa mwaka wa tano wakaanza kupita chini ya dirisha ya mwaka wa kwanza, wakipiga kelele: "Mbilikimo! Mbilikimo wa pori!" Halafu wanakimbia. Siku moja mutoto mumoja wa klasi yake, wa miaka sita, alinyosha kidole mu klasi, na heshima yote, akauliza: "Madamu, mbilikimo ni nini?" Madamu aliniambia baadaye vile alifanya. Aligeukia ubao, akaandika tarehe mara ya pili.

Basi, kazi ine moja, yaani siku ya ine ya juma, ule mwalimu alikuja mu jikoni saa ya mapumziko. Akaikala ku ndoo ya unga, akaweka karatasi ku magoti.

"Unaandika nini, mwana?"

"Barua ya kuacha kazi, koko. Nitaipeleka kwa direktere kazi tano ya juma inayokuja. Kwanza nimalize herufi zenye nilianza na watoto."

Alisema vile mutu anasema mvua itanyesha. Miye nilikuwa na mwiko mu mukono. Nilitaka kumwambia, "Usiende," na kutia jina yake nyuma, vile unaita mutu wako. Nikafungua kinywa. Hakuna kitu! Miye, mwenye najua mpaka majina ya watoto wenye walihamia Kamituga na hawajarudi! Jina ya ule mutu mwenye nilimupakulia mezi mbili, sikuuliza hata siku moja. Akiwa mbele yangu nilikuwa ninasema "mwana". Akiwa hayuko, niandike tu, nilikuwa ninasema "ule Mumbuti", kama wao.

"Mwanangu," nikasema, na haya ilinishika mpaka ku shingo, "jina yako ni nani?"

Aliniangalia murefu. Akanipa majina tatu: ya batizo, ya baba yake, na ya nyanya yake. Alizisema polepole, kama mutu anapokeza kitu kwa mwingine mwenye anaweza kukiangusha. Nikazishika.

Juma ikaisha. Kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Kazi moja, siku ya kwanza ya juma, asubuhi nilifika, nikasafisha sambaza, nikachuja unga, nikapanga makala mu mbabula. Halafu nikaikala. Sikuwasha.

Saa sita walimu wakaingia, mikono tayari imenawa, maji inadondoka.

"Koko, makala imekwisha?"

"Makala iko."

"Unga?"

"Unga iko. Na sambaza ziko, muangalie, safi kabisa."

"Sasa?"

"Sasa miye njo siko."

Wakaangaliana. Nikasimama, kwani mambo ile haisemwe mutu akiwa amekaa. "Mezi mbili nilimupakulia mwenzenu peke yake, kama mutu wa ugonjwa. Kosa ile ni yangu, na ninasikia haya. Kile kisahani nimeshapatia kuku wangu. Lakini sitapika tena mpaka nyiye wote munakula naye mu sahani moja, na ile neno inatoka mu midomo yenu."

"Yesu! Koko anafanya greve, anagoma!" Mwalimu wa mwaka wa tano alipiga mikono. "Koko ameingia sendika ya wafanyakazi!"

Madamu wa mwaka wa ine akashika tumbo. "Miye niko na vidonda vya tumbo, koko, unihurumie miye peke."

Na direktere: "Maman, kunyimwa chakula juu mwanamuke amekasirika, ile ninaizoea nyumbani. Sasa hata ku kazi?"

Wakacheka, wakaenda. Miye nilibaki peke yangu, lakini ndani kulikuwa kitu kinaruka kama mbuzi mudogo!

Kazi mbili wakakula mikate ya mafuta na ndizi za ku mulango wa masomo. Mizaha ikaanza kukauka. Direktere aliniita mu biro, ofisi yake, akanikumbusha: komite inaweza kunifukuza. Nikamwambia aandike tu barua ya kunifukuza, na aandike jina yangu vizuri, watu wengi wanaikosea. Nikatoka kichwa juu. Nilijiona mushindi!

Na pale ku kona ya jikoni nikamukuta ule mwalimu mwenyewe. Macho yake ilikuwa inawaka.

"Koko, nani alikutuma?"

"Hakuna, mwanangu. Miye mwenyewe..."

"Unajua sasa wanasema nini? Wanasema Mumbuti anatulalisha njaa. Leo wameisema mara mingi kuliko juma yote ya nyuma!"

Nilikosa pa kuweka mikono.

"Miye siombi mikono yao mu sahani," akasema. "Sahani ninaweza kujinunulia. Ninaomba watoto wangu wasisikie ile neno kupitia dirisha. Niko mwalimu wao! Kama wanasikia wakubwa wananiita vile, nitawafundisha nini, na wasadiki?"

Banaye, mezi mbili nilimunyima nafasi bila kumuuliza, halafu nikaanza kumutetea bila kumuuliza. Nikaikala ku ndoo ya unga. "Basi weye sema," nikamwambia. "Unataka nini? Miye nitabeba."

Alifikiri. Halafu akatoa karatasi, haiko ile ya kuacha kazi, akaandika akisimama, karatasi ku ukuta. Aliandika: ile neno, na maneno yote ya kudharau kabila ya mutu ao umbo yake, ikatazwe mu sheria za masomo, na sheria isomwe asubuhi mbele ya drapo, bendera yetu, watoto wote wakisikia. Sheria ishike walimu sawa na watoto. Mutoto mwenye kukosa asipigwe fimbo. Aende kwa mutu mwenye alimutukana, amwite na jina yake ya kweli, aombe musamaha. Na mwalimu wa mwaka wa tano aseme yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kwani watoto walijifunza kwake.

"Na kama wanakatala?" nikauliza.

"Kazi tano ninaenda. Sitasubiri mezi ya tatu."

Kazi tatu asubuhi nilipeleka karatasi. Direktere aliisoma, akaisoma tena.

"Ya watoto, sawa. Lakini mwalimu kuomba musamaha mbele ya watoto? Maman, heshima yake itabaki wapi?"

Akamwita mwalimu wa mwaka wa tano. Ule akaingia, akasoma, akacheka, lakini bila tumbo. "Hii yote juu ya mizaha? Haiumize mutu."

Sikupanga kusema vile nilisema. Ilitoka tu.

"Weye ulifika hapa mwaka ukiwa katikati," nikamwambia, "kutoka Shabunda, mu mwaka wa tatu. Baba yako alikushika mukono mpaka ku mulango. Ulikuwa unasema na sauti ya kwenu, na watoto wakakuita mutu wa pori. Wakakuuliza kama umeshaona kiatu. Ulikuwa unakuja nyuma ya hii jikoni, unakula viazi yako uso ku ukuta. Miye nilikuwa ninafagia."

Akaweka karatasi ku meza.

"Walikuwa wane wenye kukuita vile. Weye labda umesahau majina. Miye sijasahau." Nikasema ya kwanza, na jina ya baba yake. Nikasema ya pili. Leo ule ni muzee wa kanisa. Ya tatu, sikufika mwisho, mwalimu aliinua mukono.

"Basi, koko. Inatosha."

Ya ine sikuisema. Nilimuangalia tu direktere, mwenye alisoma naye ku benchi moja, na direktere akaanza kupanga kalamu zake ku meza, moja moja, kama ilikuwa kazi ya haraka sana.

Mwalimu wa mwaka wa tano akasema polepole, "Viazi vitamu."

"Ndiyo. Vitamu."

"Nilifikiri hakuna mutu aliniona."

Nikatoka, nikawaacha.

Kazi ine hakuna neno. Hakuna moto vilevile. Direktere alijifungia mu biro. Mwalimu wa mwaka wa kwanza alifundisha mpaka kengele, akaenda bila kunipitia. Miye nilichambua majani ya sombe yenye sikujua kama nitaponda. Nilihesabu masaa. Nilifikiri juu ya wale watoto wadogo, wenye wameanza kuandika majina yao wenyewe, na vile watakuta mwalimu mwingine kazi moja inayofuata bila mutu kuwaelezea.

Kazi tano, mbele ya kengele, nani anaingia mu jikoni? Mwalimu wa mwaka wa tano, shati imefungwa mpaka ku shingo.

"Koko, majina yake yote ni gani?"

Nikamupa zote tatu. Akazirudilia. Akakosea ya nyanya, nikamurudisha. Alitoka akizisema kinywani, nikamusikia mpaka mu kiwanja.

Drapo ikapanda. Watoto walipomaliza kuimba, direktere akafungua karatasi. Akasoma sheria yote, vile mwalimu aliiandika, hakuruka hata musitari. Aliposoma "na walimu pia", watoto wa mwaka wa sita wakaangaliana, macho kubwa. Halafu ule munene akatoka mu musitari. Jasho ilikuwa ku paji la uso, na asubuhi ilikuwa baridi.

"Watoto," akasema, "nyiye munajua kuniiga. Nilimwita mwenzangu na neno mubaya, mukanisikia, mukaibeba mpaka ku dirisha yake. Kosa haikuanza kwenu. Ilianza hapa." Akagusa kifua. Akageuka, akamwita mwalimu wa mwaka wa kwanza na majina yake tatu, wazi, bila kukosea. "Madamu, unisamehe."

Yeye alikuwa mbele ya watoto wake, mufuko ku bega. Hakucheka, hakulia. Aliitika na kichwa kidogo, hivi. Katoto kamoja ka mwaka wa kwanza kakapiga makofi, kakashangaa kenyewe, halafu kiwanja chote kikapiga! Miye nilipiga na mwiko ku sufuria. Ndiyo, mbele ya drapo! Direktere alinitolea macho, sikumuona.

Haiko watu wote walifurahi. Ku mulango mama mumoja alisema kwa nguvu: yeye hakuleta mutoto wake asomeshwe na watu wa vile. Direktere akamwambia asome karatasi ya sheria ku ukuta kwanza. Na walimu wawili siku ile walikuja na mikate yao mu sashe ya plastiki, wakakulia mu klasi. Wakae huko. Sheria iliwakuta huko pia.

Lakini miye nilikuwa na kazi! Nilipuliza makala mpaka machozi. Niliponda sombe kama mutu anagombana nayo, nikatia mafuta ya mawese, sambaza, chumvi, nikasonga bugali na mikono mbili. Saa sita wakaingia, wakanawa, wakazunguka sahani, na hakuna mutu aligusa. Nafasi moja ilikuwa wazi.

"Anakuja ao anaenda?" Madamu wa mwaka wa ine aliuliza, mukono ku tumbo.

Niliangalia inje. Nikamuona anatoka mu klasi, mufuko ku bega, anaenda moja kwa moja ku biro ya direktere. Direktere alikuwa huku kwetu, mikono inadondoka maji. Mwalimu akasimama pale mbele ya mulango yenye imefungwa. Ku mufuko niliona pembe ya bahasha. Nilijua: musamaha ni kitu moja, kubaki ni kingine, na hakuna mutu alimulazimisha kubaki.

Halafu akageuka, akaja. Akanawa bila haraka. Akaikala mu ile nafasi, kati ya vidonda vya tumbo na mwanaume munene, mufuko ungali ku bega. Akakata bugali, akaichovya, akatia kinywani. Wote tulimuangalia akitafuna. Sijaona mutu anatafuna murefu vile.

"Koko," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Hii sombe. Umeitia chumvi ya siku zote ine?"

Halafu mwalimu wa mwaka wa tano akapasuka, tumbo yote. "Miaka! Miaka tunaogopa kumwambia!" Direktere alipaliwa. Hata Madamu wa vidonda alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kama hamupendi, mupike nyiye!" nikasema, mikono ku kiuno.

"Nitapika," mwalimu akajibu, na akakata bugali ingine. "Kazi moja nitafika mbele ya kengele. Nitakuonyesha vile mama yangu anaponda."

Kazi moja! Nilijifanya nimekasirika sana. Nilichukua sufuria yenye haikuwa chafu, nikatoka nayo inje, nikaisugua na muchanga pale nyuma, pole pole, mpaka uso yangu ikakauka.